Pasi Iliyozidi Uzito

Mlango uligongwa mara mbili, kwa adabu, wakati Begi Moja amepiga magoti kitandani akipima begi lake. Jina hilo alipewa na wenzake wa kiwanda cha uchapaji, maana kila likizo alisafiri peke yake, na begi moja la mgongoni lisilozidi kilo saba. Kesho yake alikuwa aende kutalii kwenye maziwa aliyoyaota mwaka mzima.

Alifungua. Mbele yake alisimama mwanamume wa makamo, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni.

"Samahani, dada. Wewe ndiye uliyelala kwa mama yangu mwaka jana? Yule aliyekufulia mpaka soksi?"

"Ndiyo, ni mimi. Karibu, kaka."

"Namba yako haipatikani. Nimekwenda kiwandani, wakaniambia tafuta chumba kisicho na vitu." Akachungulia ndani, akacheka. "Kweli, hata panya hana pa kujificha! Nimefuata mzigo wangu."

Mvua ilikuwa imemkwamisha Begi Moja katika safari ile ya mwaka jana, na mama asiyemjua hata kwa sura akampa kitanda siku tatu. Walipoagana, mama alimkabidhi kifurushi kilichofungwa kwa kitambaa cha maua. Ndani mlikuwa na pasi ya mkaa ya marehemu mumewe, imfikie mwanawe aliyefungua duka la ushonaji mjini.

"Siwapi watu wa mabasi, mwanangu. Nakupa wewe."

Naye aliipokea kwa mikono miwili. Lakini alipofika kwenye nyumba ya wageni ya mji uliofuata, akapima begi: kilo kumi na nusu. Akaisukuma pasi chini ya kitanda, akijiambia atarudi kuichukua. Hakurudi. Mama alipoanza kupiga simu kuuliza, akabadilisha laini.

"Iko wapi?" aliuliza fundi.

Angeweza kusema imeibwa. Uongo ulikuwa umeshamjaa mdomoni.

"Niliiacha njiani, kaka. Ilikuwa nzito."

"Nzito," fundi alirudia polepole. "Baba alitulea sote kwa pasi hiyo. Mama alipouliza nikamwambia imefika, asije akakosa usingizi. Sasa anakuja Jumamosi, anataka kuniona nikiitumia."

"Jumamosi utakuwa nayo."

"Na utasema mwenyewe. Mimi nimechoka kudanganya."

"Nitasema."

Tiketi ya maziwani aliiacha ipotee, akapanda basi la upande mwingine. Siku nzima alikaa roho juu. Pasi aliikuta jikoni kwenye ile nyumba ya wageni, imewekwa kuzuia mlango usijifunge. Kitambaa cha maua kilikuwa kimegeuka cha kushikia sufuria, kimeungua pembe mbili.

"Kumbe ni yako!" alisema mwenye nyumba. "Sisi tulidhani mgeni ameamua kutua dhambi zake hapa."

"Hujakosea sana," alijibu Begi Moja, wala hakucheka.

Siku ya pili aliipakata pasi njia nzima, masizi yakimchafua sketi. Alipoingia dukani Jumamosi, mama alikuwa ameshafika, ameketi kwenye kiti cha wateja na viatu amevivua.

"Mwanangu!" Mama aliinuka, akamshika mabega. "Mbona umekonda hivi? Bado unazurura peke yako?"

"Bado, mama."

"Na pasi ulikuwa umeipeleka wapi?"

"Alinisaidia kuipeleka ikasuguliwe kutu," fundi alidakia. Aliichukua, akaiweka mezani kando ya cherehani, kisha akamtazama Begi Moja na kutikisa kichwa kidogo. Alikuwa amemsamehe. Alimtaka anyamaze, wanywe chai, mambo yaishe.

Mama alikuwa anatabasamu. "Nilijua tu. Nilimwambia jirani, yule binti nimempa kama niliyemzaa."

Hakuna aliyekuwa anamdai Begi Moja neno tena.

"Mama, pasi haikufika mwaka jana. Nilipima begi langu, nikaisukuma chini ya kitanda cha watu, nikaenda zangu. Ulipopiga simu, nikakukimbia."

Fundi aliinamia cherehani. Mikono ya mama ilishuka taratibu kutoka mabegani mwake. Begi Moja aliendelea kusimama palepale, akimtazama usoni.