Kalibu ya Bei Chee

Ua lenyewe halikuzidi kiganja cha mtoto mchanga. Lilikuwa limekauka miaka mingi, limegeuka rangi ya chai ya jana, na kila lilipohamishwa liliacha unga kidogo pale lilipokuwa. Lakini ndilo lililomleta Mama Gundi sokoni asubuhi ile, na ndilo lililomfanya asimame mbele ya kibanda cha Bei Chee akiigeuza kalibu ya silikoni huku na huku, kama mnunuzi wa ng'ombe asiyemwamini mwenye ng'ombe.

Mama Gundi hakuwa na mtoto aitwaye Gundi. Jina alipewa na majirani kwa sababu ya vidole vyake. Ukishikana naye mkono, vilikukawiza kidogo kabla ya kukuachia. Kazi yake ilikuwa rezini. Unachanganya maji mazito ya chupa mbili, moja rezini yenyewe na nyingine dawa ya kuigandisha, unamimina kwenye kalibu, unasubiri, na kesho yake unatoa kitu kigumu kinachopitisha mwanga kama kioo. Alitengeneza hereni, vishikio vya funguo na vibao vya kuwekea vikombe. Alikuwa hodari, na wateja hawakumkosa. Mtu mmoja tu hakuwahi kuvutiwa na kazi hiyo, na kwa bahati mbaya mtu huyo ndiye aliyemzaa mume wake.

"Ile plastiki yako," ndivyo mama mkwe alivyoiita tangu mwaka wa harusi. Hakuwa mkorofi, tuseme haki. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache hakuyatia sukari. Hata kumwita alimwita "wewe, mke wa mwanangu," kana kwamba anasoma anwani kwenye bahasha.

Sasa mama mkwe huyo huyo alikuwa amekuja mwanzoni mwa wiki, akakaa kitini, akatoa mkobani kikopo cha bati cha dawa ya kifua. Ndani ya kikopo mlikuwa na leso, na ndani ya leso ua. Marehemu mumewe alikuwa fundi saa, bwana asiyejua kutamka neno tamu hata kwa kulipwa. Siku mtoto wao wa kwanza alipozaliwa alisimama mlangoni mwa wodi, akalitoa ua hilo kwenye mfuko wa shati, akaliweka juu ya shuka, kisha akauliza kama chakula kimeshaletwa. Basi. Hakumpa ua jingine maisha yao yote, wala hilo hakulitaja tena. Sasa yeye yuko kaburini, na ua linaishia kuwa unga.

"Mwaka jana lilikuwa na petali tano," alisema mama mkwe. "Tazama sasa."

Zilibaki nne.

"Wewe, mke wa mwanangu, unaweza kulifungia humo kwenye plastiki yako lisimalizike?"

"Naweza, mama." Neno lilimtoka kabla akili haijafika.

"Ukiliharibu sina lingine. Na aliyelichuma hayupo."

Tangu hapo Mama Gundi hakulala usingizi wa kueleweka. Miaka yote alitamani mama huyu aitazame kazi yake hata mara moja, na sasa anatazamwa kwa macho yote mawili. Akifanikiwa, heri. Akiliharibu, watu watasimuliana kwenye kila shughuli ya ukoo, na watoto ambao hawajazaliwa watakuja kumjua kama yule aliyelimaliza ua la bibi.

Shida ya kwanza ilikuwa kalibu. Mama mkwe alitaka kitu cha mviringo, kilichobinuka juu, cha kujaa kiganjani. Kalibu za nyumbani zilikuwa fupi fupi, za hereni. Alianzia kwenye duka kubwa la vifaa vya sanaa. Kalibu aliyoitaka ilikuwa kwenye kabati la kioo, na bei yake ilimfanya aage kwa heshima na kutoka. Ndipo akaja kwa Bei Chee, ambaye kibanda chake kiliuza kila kitu pamoja: brashi za kupakia siagi, miiko, chupa za rezini, mapambo ya kumetameta, bati za kuokea keki. Kalibu ilining'inia katikati ya miiko.

"Dada, hii ni ile ile ya duka kubwa," Bei Chee alisema. "Kule unalipia kiyoyozi."

"Haivuji?"

"Ikivuja niletee hiyo rezini, nitainywa mwenyewe."

"Kaka, sitanii. Kitu ninachokwenda kukitia humu hakina cha pili."

"Na mimi sitanii. Silikoni ni silikoni, haina ukoo wala cheo."

Mama Gundi aliivuta ikavutika, akaiachia ikarudi. Akainusa. Akaiinua kwenye mwanga kutafuta tundu, akapitisha ukucha kwenye kingo zake. Haikuwa na kasoro. Kisha akageukia chupa za rezini, na hapo ndipo hofu yake hasa ilipokaa, maana rezini iliyochacha haigandi. Hubaki ikinata milele kama asali, na ua lingezama humo kama nzi. Alimhoji Bei Chee mzigo umeingia lini, akazitikisa chupa, akatazama kama zimegeuka njano. Mwisho akalipa, akachukua na glavu na vijiti vya kukorogea, akaenda zake. Alikuwa amekagua kila kitu isipokuwa kitu kimoja.

Nyumbani hakuligusa ua kwanza. Alichanganya rezini kidogo, akaimimina kwenye kifuniko cha soda chenye kifungo cha shati ndani yake, akangoja. Kesho yake ilikuwa ngumu kama jiwe, na kifungo kilionekana hadi matundu yake. Kutoka kwenye kifuniko kile alipata ujasiri ambao tangu juzi hakuwa nao.

"Sasa si uanze?" aliuliza mumewe. Yeye alikuwa fundi friji, mtu wa kuamini kwamba kila kitu kikikataa kinapigwa kofi pembeni.

"Wewe toka mlangoni, unaleta vumbi."

"Mimi naleta vumbi?"

"Hata pumzi yako inaleta vumbi. Toka."

Alifunga dirisha. Akaloweka chupa kwenye maji ya moto ili viputo vipungue. Kwa brashi ndogo alilipaka ua gundi nyepesi, petali kwa petali, zisije zikafyonza rezini zikapotea rangi. Petali ya tatu ilipinda kwenye ncha na Mama Gundi akaacha kupumua. Ilipinda, lakini haikukatika. Akamimina rezini kidogo ndani ya kalibu, akasubiri ishike, akalilaza ua kifudifudi juu yake kwa kibano, akajaza. Viputo alivitoboa kimoja kimoja kwa sindano. Mwisho akaweka tabaka jeupe nyuma, ili ua lipate kitu cha kuegemea na lionekane vizuri. Aliponyoosha mgongo, blauzi ilikuwa imemganda mwilini kwa jasho.

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Alipika, akasahau chumvi. Alifagia chumba kilichokwisha kufagiwa. Kila baada ya muda alikwenda kuchungulia kalibu, kana kwamba rezini ingeganda kwa kuona aibu. Jioni simu ikalia.

"Ua langu linaendeleaje?" Mama mkwe aliuliza kama anauliza habari za mgonjwa.

"Linaendelea vizuri, mama."

"Nilisema nitakuja mwisho wa wiki. Nimepata lifti ya jirani, nitakuja kesho asubuhi."

"Kesho, mama?"

"Kwani kesho mna nini?"

"Hatuna kitu, mama. Karibu sana."

Fundi friji alimtazama mkewe usoni, akaamua siku hiyo asitanie.

Asubuhi Mama Gundi alipiga moyo konde. Alivaa glavu, akavuta kingo za kalibu taratibu, akaibinua. Donge likamtelezea kiganjani. Lilikuwa gumu, zito, halinati hata kidogo, bila kiputo wala ufa. Na halikuonyesha kitu. Lilikuwa jeupe jeupe kama kioo cha dirisha la bafu. Ndani kulikuwa na kivuli cha kahawia, ambacho kingeweza kuwa ua, kingeweza kuwa mende, kingeweza kuwa chochote.

Alilisugua kwa kitambaa kikavu. Vile vile. Alilisugua kwa nguvu zaidi. Vile vile. Akakaa sakafuni pale pale, glavu mikononi.

"Limekuwaje?" aliuliza mumewe.

"Limeingia ukungu. Rezini imeharibika ndani kwa ndani."

"Si ulijaribu na kifungo?"

"Nilijaribu! Nilijaribu na kifungo!" Alikuwa analia sasa, waziwazi, kama mtoto. "Ua limo humo na halitaonekana tena, na siwezi kulitoa bila kulivunja. Nimelizika, mume wangu. Nimemzika baba yako mara ya pili."

Fundi friji alilichukua, akalizungusha, ikaonekana kabisa kwamba anatamani kulipiga kofi pembeni. Hodi ikabishwa mlangoni.

Mama mkwe aliingia na mkoba wake. Waliamkiana. Aliwaangalia wote wawili, macho mekundu ya mmoja na mikono ya mwingine iliyokuwa mgongoni.

"Lete," alimwambia mwanawe.

Alilipokea kwa mikono miwili, akaketi, akaligeuza. Mama Gundi alipiga magoti mbele yake.

"Mama, nisamehe. Nilinunua vifaa vya bei rahisi. Nilidhani nimevikagua vyote. Ua limo ndani, lakini limefunikwa na ukungu, sijui umetoka wapi. Nimeliharibu, mama."

Mama mkwe alilisogeza donge karibu na macho, akalisogeza mbali. Kisha akafanya jambo ambalo alikuwa amewafanyia watoto wake wote kila walipotaka kutoka nyumbani na uso mchafu. Alilamba kidole gumba, akasugua.

"Mama, mate tena?" alisema fundi friji.

"Wewe umekulia mate haya haya."

Akasugua, na ua likatokea. Palipopita kidole chenye unyevu donge lilikuwa safi kama maji ya mtungi, na ndani yake petali zote nne zilikuwa zimetulia, na mishipa yake, na ile ncha iliyopinda. Vichwa vitatu viliinama pamoja. Kisha mate yakakauka, ukungu ukarudi taratibu kuanzia pembeni, na ua likaondoka.

Mama Gundi aliinuka mbio, akaichukua kalibu, akaichunguza sura yake ya ndani kwa mara ya kwanza. Kalibu zake nyingine zote ziling'aa ndani kama mboni ya jicho. Hii ilikuwa imefifia, haina mng'ao hata wa dawa, na nje, kwenye kitako chake, palichorwa keki ndogo. Ilikuwa ya jikoni. Keki haijali mng'ao, lakini rezini huiga sura ya kila inacholalia: kalibu iking'aa, nayo hung'aa, kalibu ikififia, nayo hufifia. Alikuwa ametafuta tundu, amenusa, amevuta, na kitu kimoja ambacho kila siku kilikuwa mbele ya macho yake hakukitazama. Rahisi huvunja upishi, na yeye alikuwa amekwenda kununua upishi wenyewe.

"Mama, kumbe ni ngozi tu!" Alicheka na kulia kwa pamoja. "Ukungu hauko ndani, uko juu juu. Nitalipaka tabaka jembamba la rezini leo hii, kesho litakuwa kioo kitupu. Nipe, mama."

Mama mkwe alilirudisha donge kifuani.

"Usiliguse."

"Lakini mama, hivyo halionekani."

"Nimeliona." Alilamba kidole tena, akasugua tena, akalitazama ua likija. "Yule bwana naye ndivyo alivyokuwa. Mpaka umsugue ndipo umwone."

Fundi friji, aliyekuwa bado anachekea habari ya mate, aliacha kucheka. Mama mkwe alingoja ukungu urudi, akahakikisha umerudi wote, kisha akasogea kwenye kochi na kuacha nafasi pembeni yake.

"Njoo hapa, mwanangu," alimwambia Mama Gundi. "Wewe hukumjua vizuri. Sugua na wewe."

Mama Gundi alivua glavu, akaketi. Akalamba kidole chake gumba, ambacho kama siku zote kilikuwa na ladha ya gundi, akasugua polepole mpaka ua likatokea.