Tembe za Manjano kwenye Uji wa Zedekiah

Niacheni niseme vile ilikuwa, maana hapa mtaani Satellite kila mtu ameshajitungia yake.

Mume wangu Zedekiah alikuwa fundi wa mageti ya chuma, mwanaume wa miraba minne, mpaka figo zikamkataa. Tangu hapo kila Jumanne na Ijumaa tunaenda hospitali mjini, anafungwa kwenye mashine, inamsafishia damu. Madaktari walimshona mshipa kwenye mkono wa kushoto ili sindano zipate pa kuingia. Ukavimba ukawa mnene kama kamba ya ng'ombe, na ukiugusa unanguruma. Ploti nzima ya wapangaji ilijua: huo mkono haushikwi, haupigwi, hata ndoo haubebi.

Kisha Daktari Mwelu akampima damu, akakuta kitu kinaitwa homosisteini kimepanda vibaya. Akatueleza polepole. Figo zikilala, hicho kitu kinabaki kwenye damu, kinakwaruza mishipa, na wagonjwa wengi wa figo hawauawi na figo, wanauawa na moyo. Akaandika tembe za foliki za kukishusha. "Namba itashuka," akasema. "Kama moyo utapona, mama, hapo siwezi kukuapia."

Zedekiah kuona zile tembe ndogo za manjano, akacheka kwa hasira. Ni zile zile nilizopewa kliniki nikiwa na mimba ya Bramwel wetu. "Kwani mimi ni mama mjamzito?" akauliza mbele ya watu, akazitupa kwenye pipa la taka hapo barabara ya Tom Mboya. Sasa wewe ungefanya nini? Ungekunja mikono mwanaume afe kwa maringo? Mimi nilinunua zingine, Daktari Mwelu peke yake akijua, nikazificha kwenye mkebe wa majani chai, na kila asubuhi nikamsagia moja kwenye uji wa wimbi. Akanywa, akalamba kijiko.

Jumapili moja tumetoka kanisani, niko kwa mfereji nafua, nikasikia ananiita. Si Mama Bramwel. Ananiita Namalwa, jina langu kavu. Nikaanika shuka haraka haraka, nikaingia, nikamkuta ameshika mkebe, tembe zimemwagika mezani.

"Mimba ya nani?"

Mnielewe: tangu mashine ianze, kitandani tulikuwa kama kaka na dada. Hiyo ndiyo ilikuwa inamtafuna, na mimi sikuwahi kumcheka hata siku moja. Nikafungua mdomo nimwambie ni zako, bwana, na kigoda kikanipata mdomoni kabla neno halijatoka. Meno mawili yakaenda. Akanipiga teke la tumbo, pale pale alipodhania kuna mtoto. Akalenga tena pale pale. Nikamuuma mguu. Nikamrushia sufuria. Na Mungu anaona, hata damu ikiniziba macho, sufuria niliirusha upande wake wa kulia, nisije nikagusa ule mkono wa kushoto.

"Ni Thuo!" akapiga kelele. Thuo ndiye keateka, mtunzaji wa ploti, na kosa lake ni kunisaidia kubeba mitungi ya maji. Zedekiah akavuta panga chini ya kitanda, akatoka.

Nikamfuata nikitambaa, napiga nduru, lakini mdomo uliopasuka utasema nini cha kueleweka? Panga la kwanza likampata Thuo begani, nyama ikafunguka nyeupe kabla damu haijaja. Thuo akaokota sepeto la zege. Simlaumu, alikuwa anatetea roho yake. Alilenga kichwa. Zedekiah akajikinga na mkono wa kushoto.

Damu iliruka mpaka kwenye shuka nilizokuwa nimeanika. Panga likaanguka. Watu wote wakarudi nyuma, wanaume wazima! Mimi, niliyekuwa napigwa sasa hivi, ndiye nilijitupa juu yake, nikazamisha gumba kwenye lile shimo, nikakandamiza kwa uzito wangu wote. Ikapungua. Ikabaki kutona. Chini ya gumba nilisikia mshipa bado unanguruma, nikajua nimempata.

Jirani akatupakia kwenye gari lake la probox. Mimi niko juu ya mume wangu, gumba halitoki. Tulipofika Naivasha Road akashika kifua kwa mkono mzima, uso ukabadilika rangi, jasho likamtoka kama amemwagiwa maji.

"Mtoto ni wa nani?" akaniuliza, kwa sauti ndogo, kama anaomba.

"Ni dawa yako! Ya moyo wako, mjinga wewe!" Nilipasua koo. Lakini mdomo wangu ulikuwa damu na meno tu, hata mimi sikujisikia. Akaniangalia akingoja jibu. Ngurumo chini ya gumba langu ikanyamaza.

Ni moyo, walisema hospitalini, si damu aliyomwaga. Daktari Mwelu alinipigia simu baadaye. Vipimo vya mwisho vilikuwa vimerudi na namba ilikuwa imeshuka vizuri sana, alitaka nijue kwamba uji wangu ulifanya kazi. Nilimuuliza hiyo namba nimpelekee nani.

Tulimzika kwao Bungoma. Mama mkwe wangu, Mama Peres, hakuniangalia uso huu uliojaa nyuzi. Aliniangalia tumbo. Wamama wote waliokuwa kaburini walikuwa wananiangalia tumbo. Basi nimekaa, nangoja miezi ipite, waone wenyewe kwamba humo hakuna mtu.