Mstari Alioruka Zakayo

Watu wa Mtaa wa Sikukuu waliwajua wazee wale wawili kwa matusi yao. Siku ambayo Bakili, fundi wa funguo, hakupita kumtukana Zakayo, fundi cherehani, wauza mapazia wa ng'ambo ya barabara waliulizana nani kati yao anaumwa. Bakili alikuwa Mmwera wa Nachingwea, Zakayo Mngoni wa Songea, na watu hao ni watani tangu enzi za mababu waliopigana mpaka wakachoka, wakaona heri wachekane. Utani una sheria iliyo juu ya zote: mtani hanuniwi. Akuite mwizi, akuite mtumwa wake, akalie kaburi la baba yako akidai kitoweo, wewe utacheka, kisha utamrudishia.

Asubuhi moja ya mwisho wa Juni, Bakili alipanda baraza la Zakayo akiwa na bahasha ya kaki mkononi.

"Mkimbizi upo?" aliita, maana Wangoni walifika Songea wakikimbia vita vya kusini.

"Nipo, mla panya. Mtego umenasa wangapi leo?"

"Panya wa Kariakoo siwagusi, wanakula nailoni. Vaa miwani yako unisomee. Jeshi limenijibu."

Zakayo aliondoa mguu kwenye pedali ya cherehani. Macho ya Bakili yalikuwa yameingia mtoto wa jicho miaka mitatu iliyopita. Funguo alizichonga kwa kupapasa meno yake kwa kidole gumba, wala wateja hawakujua. Lakini karatasi haipapasiki.

Barua ile Zakayo alijua inahusu nini. Wote wawili walipigana vita vya Kagera katika platuni moja. Vita vilipokwisha, Zakayo alivishwa medali. Jina la Bakili halikusomwa. Akaambiwa labda limerukwa, angoje. Alingoja huku baba yake, kule Nachingwea, akiuliza kila mwaka: "Wenzako wote wamevaa, yako iko wapi?" Mzee yule hakuuliza kwa ubaya, ila aliuliza mpaka akafa, na kabla hajafa aliacha kwenda kwenye sherehe za Mashujaa, kwa sababu hakutaka kukaa na wazazi ambao watoto wao walirudi na kitu kifuani. Mwaka huu Bakili alikuwa ameandika ombi rasmi kwenye ofisi ya kumbukumbu za askari. Aliandikiwa na binti mmoja wa duka la kuchapa, jina lake Josepha. Aliomba kumbukumbu zake zirekebishwe kabla macho hayajafunga kabisa, ili medali ikija aione walau kama kivuli.

Zakayo akasoma kwa sauti. "Kumbukumbu zinaonyesha kwamba mwombaji aliandikwa mtoro kwa siku kumi na tisa, mwezi Machi 1979, na kwa sababu hiyo hakustahili medali."

"Mtoro," alisema Bakili.

"Ndivyo walivyoandika."

"Endelea."

Mstari uliofuata ulisema hivi: Maelezo hayo yalitolewa mbele ya paredi na askari wa platuni yake, Z. Haule.

Zakayo aliutazama. Pikipiki ilipita, mtu akapiga kelele ya bei ya mashuka, na jina lake mwenyewe likabaki pale pale kwenye karatasi. Kisha akasoma mstari wa chini yake: "Mwombaji anaweza kuleta hati ya kiapo ya mtu aliyekuwepo, ndani ya siku thelathini."

"Ndiyo mwisho?"

"Ndiyo mwisho."

"Hakuna kingine hapo kati?"

"Muhuri tu."

Bakili aliichukua barua, akaikunja taratibu, akipitisha kidole gumba kwenye mkunjo kama anayetafuta jino la ufunguo. "Basi wewe ulikuwepo, Mngoni. Utaniapia."

"Nitakuapia," alisema Zakayo.

Bakili akashuka baraza bila tusi la kuagia, na Zakayo hakuliona hilo, kwa sababu masikio yake yalikuwa yameshafika mbali sana, kwenye kinamasi.

Ilikuwa hivi. Kombania yao ilipigwa mizinga kwenye kinamasi cha mafunjo, ikarudi nyuma mbiombio. Jioni walisimama paredi ya kuhesabiwa, tope mpaka shingoni. Sajenti alisoma majina. Jina likiitwa na kimya kikifuata, kila mtu alijua maana ya kimya kile. Vimya vilikuwa sita vilipofika kwa Bakili. Sajenti akamwita mara moja, akamwita mara ya pili.

Mara ya mwisho Zakayo alikuwa amemwona Bakili akirudi kinyume cha watu wote, akimwendea kijana aitwaye Shukuru aliyekuwa amelala amevunjika paja. Aliamini Bakili amekufa. Na kwao mtani hamlilii mtani wake. Akifa humcheka, ili akifukuze kifo kwa aibu. Basi Zakayo akapiga kelele: "Mtoro huyo, afande! Kanusa panya wa Uganda, kawafuata porini!"

Paredi nzima ilicheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza kwa siku tatu. Wengine walicheka huku wanalia. Ila karani wa kombania, mgeni aliyeletwa wiki ile, mtu ambaye kwao hakuna utani wa namna hiyo, hakucheka. Aliuliza, "Jina lako nani?" Zakayo akalitaja. Akaiona kalamu ikiandika.

Akajiambia, nitamweleza kesho. Kesho yake karani alipanda lori na daftari lake, akaenda makao ya nyuma.

Siku ya kumi na tisa Bakili alirudi, amekonda, mguu umevimba. Alimbeba Shukuru siku mbili ndani ya mafunjo mpaka Shukuru alipokata roho mgongoni pake; akamzika kwa mikono, akaokotwa na kikosi kingine, akalala na homa. Wenzake walimnyanyua juu kwa furaha. "Nilikuita mtoro mbele ya watu wote!" Zakayo alimwambia, na Bakili akacheka mpaka akakaa chini. Lakini ile kalamu Zakayo hakuisema. Siku medali zilipotolewa na jina la Bakili halikusomwa, alijua sababu. Hakuisema pia. Mwanzoni aliogopa adhabu ya kutoa taarifa ya uongo vitani, halafu akaona aibu, na mwisho jambo likawa zee kiasi kwamba kulitaja kungekuwa kama kufukua maiti.

Siku thelathini zikaanza kwisha.

"Lini twende kwa wakili?" Bakili aliuliza wiki ya kwanza.

"Nina sare za shule, nikimaliza."

Wiki ya pili Zakayo alisema kiuno kinamuuma. Wiki ya tatu alimwona Bakili akija kwa mbali, akaingia stoo, akamwacha mkewe Benedikta aseme ametoka.

"Kwa nini nidanganye?" Benedikta aliuliza, Bakili alipokwisha kupita. "Bakili huyu aliyekuuguza homa ya matumbo? Umemfanya nini?"

"Hakuna."

"Zakayo, mimi nimelala na wewe miaka arobaini. Tangu barua ile ije, unapiga ishara ya msalaba kama mtu anayefukuza inzi."

Siku ya Mashujaa ilikuwa Alhamisi. Kila mwaka siku hiyo Zakayo alivaa koti la kijivu na medali yake, akaenda Mnazi Mmoja mapema apate kivuli. Mwaka ule alitoa koti kabatini, akalilaza kitandani, akalitazama. Kisha akaenda misa ya alfajiri akiwa na shati tu. Waumini walipofika mahali pa kuungama makosa ya mawazo na maneno, wakajigonga vifua, mkono wake uligonga mahali palepale medali ilipozoea kukaa. Alijaribu kusali. Sala haikupanda. Alisali tena, akiomba Mungu amsaidie Bakili apate haki yake, na katikati ya maneno hayo akasikia jinsi yalivyo ya kipumbavu. Anamwomba Mungu afungue mlango ambao ufunguo wake uko mfukoni mwake mwenyewe.

Akatoka kanisani kabla ya baraka. Zilikuwa zimebaki siku mbili.

Bakili alikuwa kwenye kimeza chake Mtaa wa Mchikichi, akipuliza vumbi la shaba.

"Twende," alisema Zakayo.

"Kiuno kimepona?"

"Twende, Bakili. Kesho nitakuwa nimeogopa tena."

Wakili Abbasi alikuwa kijana mwenye ofisi ndogo ghorofa ya pili, Mtaa wa Msimbazi. "Shikamooni, wazee wangu," alisema, akawavutia viti. "Nani mwenye shauri, na nani muapaji?"

"Marahaba. Muapaji ni mimi," alisema Zakayo, na hakumtazama Bakili. "Andika kwamba Bakili hakutoroka. Alibaki na majeruhi. Aliyesema katoroka ni mimi, Zakayo Haule. Jina langu limo kwenye barua hiyo, mstari wa pili. Nilipomsomea niliuruka."

Abbasi aliichukua barua, akausoma mstari, akainua uso. "Mzee, kwa nini ulisema hivyo wakati ule?"

"Nilikuwa namtania."

"Niandike utani?" Kijana alijizuia asicheke. "Watauliza, mtu anatania kwenye paredi ya vita?"

"Andika. Hapo ndipo tulipotania kuliko mahali pote."

"Sawa. Ila ni wajibu wangu nikwambie. Hapa unakiri kwamba taarifa ya uongo ilitoka kwako, na umekaa nayo miaka arobaini na tano. Wanaweza kukuita. Wanaweza hata kuitaka medali yako."

"Waitake."

Akaapa akiwa ameshika Biblia, akatia sahihi. Herufi ya Z ilitoka kama uzi uliokatika. Muda wote Bakili alikuwa amekaa, mikono juu ya magoti, uso wake hauonyeshi kitu.

Kwenye ngazi, Zakayo alimshika mkono amwongoze, kwa kuwa taa haikuwaka. Walipofika katikati, pale ngazi zinapopinda, akasimama. "Sema neno, mla panya. Nitukane. Nipige hata kofi."

"Nilijua," alisema Bakili.

"Ulijua nini?"

"Josepha alinisomea barua yote kabla sijaja kwako. Na jina lako alilisoma. Nilicheka, Zakayo. Naapa kwa Mwenyezi Mungu, nilicheka pale dukani, yule binti akadhani nimerukwa na akili. Nikasema, huyu Mngoni! Leo atanilipa mbuzi, faini ya watani. Nikaja nikusikie ukiusoma mwenyewe, nikudai mbuzi wangu."

Zakayo aliegemea ukuta wa ngazi. Bakili akaendelea.

"Mtani hanuniwi. Ule wa paredi ni utani. Nimekusamehe kabla hujaomba, ndiyo sheria. Baba yangu alikufa kwa utani ule, na bado nimekusamehe. Lakini asubuhi ile mimi sikuja na utani. Nilikuja na macho. Nilikupa macho yangu unisomee, ukanisomea giza. Nikakuuliza mara mbili. Nikangoja wiki nne, kila siku nasema leo atakuja." Akautoa mkono wake kwenye mkono wa Zakayo, akashika ukingo wa ngazi. "Hilo halina sheria. Sijui nitalisamehe kwa njia gani."

Akashuka peke yake, akihesabu ngazi kwa mguu.

Jibu lilikuja mwanzoni mwa Novemba. Neno mtoro lilifutwa, mahali pake pakaandikwa kwamba alichelewa kwa kumhudumia majeruhi. Zakayo hakuitwa, na medali yake haikutakwa na mtu. Alikuwa amejiandaa kuitoa. Kubaki nayo kulimwelemea zaidi.

Habari alizipata kwa wauza mapazia. Usiku huo hakulala, alitunga matusi. Aliyachambua moja moja kama mtu anayechagua mchele. Akapata moja zuri kuhusu panya aliyevishwa bati kifuani, paka wote wakampigia saluti. Lingemfanya Bakili ateme chai.

Siku ya tatu Bakili alipanda baraza. Alibeba koti jeusi la mtumba, na medali imo kwenye kiboksi.

"Habari za asubuhi, mzee Haule," alisema.

Kwa miaka karibu hamsini Bakili hakuwahi kumwita hivyo. Zakayo alifungua kinywa, lile tusi zuri likiwa tayari kwenye ulimi. "Naona panya kavishwa bati! Paka wote wa Nachingwea leo..."

"Naomba unishonee kipande cha kitambaa kigumu kwa ndani, hapa kushoto," Bakili alisema kwa upole, akilaza koti juu ya meza. "Nguo hii nyepesi, pini itaichana. Kama hutakuwa na kazi nyingi, mzee."

"Bakili."

"Hata jioni nitapita. Sina haraka."

"Bakili, nitukane. Mara moja tu."

Bakili alikuwa akipapasa medali ndani ya kiboksi kwa kidole gumba, akizunguka ukingo wake, kama anayetaka kujua inafungua nini. Uso wake uligeukia upande sauti ilikotoka, lakini macho yenye ukungu yalipita juu ya bega la Zakayo, yakaenda kwenye ukuta.

"Mungu akubariki kwa kazi yako, mzee," alisema.

Zakayo aliingiza uzi kwenye sindano. Ulimkataa mara mbili, ukaingia mara ya tatu. Akashona pale pale, Bakili akiwa amesimama kama mteja yeyote, na ng'ambo ya barabara muuza mapazia mmoja akapaza sauti: "Wazee! Mbona kimya leo, nani anaumwa?"

Zakayo alikata uzi kwa meno, akakunja koti vizuri, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Karibu tena," alisema.

"Asante, mzee."