Kumwosha Urho

Shemasi Aila alikuwa amechoka na Mungu. Usiniulize mtu anamchokaje Mungu. Muulize aliyeomba mwaka mzima asijibiwe hata neno. Kuwatembelea wagonjwa wa usharika, kuwalisha wazee, kushika mikono ya wanaokata roho, yote hayo sasa aliyafanya kama anayefagia uwanja wa jirani. Asubuhi ile alikuwa amemwambia mchungaji kwamba Pasaka ikipita anaacha kazi. Kabla hajavaa koti, simu ikalia.

"Urho wangu, mume wangu, amenitoka," alisema Bibi Hilja wa kule ziwani. "Gari la kumchukua linakuja mchana. Nataka aoshwe saunani, kama mama yangu alivyooshwa. Mkono wangu umevunjika, binti yangu, na wanawake waliojua kazi hiyo wote wamekwisha kufa."

Aila hakuwahi kuosha maiti maishani mwake. Alitafuta sababu ya kukataa akaikosa, basi akaenda.

Alipofika alikuta balaa. Jirani yao Tauno, mwema wa moyo na mgumu wa kichwa, alikuwa ameiwasha sauna, kibanda chao cha kuogea kwa mvuke wa mawe ya moto, kwa heshima zote, kuni juu ya kuni, mpaka mawe yakawa mekundu. Mlangoni palikuwa hapakaribiki.

"We Tauno!" Hilja alifoka. "Unataka tumwoshe au tumpike?"

"Nilidhani sauna ni sauna, mama."

"Ya marehemu huwa vuguvugu tu! Lo, mtu mzima na mvi zako!"

Wakaacha mlango wazi, wakamwaga theluji sakafuni kwa ndoo, wakangoja, na gari liko njiani. Aila alikaa kwenye ngazi akalia bila kujificha. Mungu wangu, aliwaza, hata hili la mwisho unaniharibia?

Joto liliposhuka, Tauno alimbeba Urho, akamlaza kwenye benchi la chini, akatoka. Wakabaki wanawake wawili. Hilja alielekeza kwa mkono wake mzima: uso kwanza, halafu mikono, taratibu.

"Mwambie unachofanya. Huwa wanaambiwa."

"Sasa nakuosha bega, mzee Urho," Aila alisema. "Sasa mgongo."

Na hapo mgongoni, kwenye mbavu zilizokonda, furaha ikamwingia. Furaha, jamani! Si faraja wala uvumilivu. Furaha yenyewe, ya kumfanya mtu acheke. Hakusikia sauti yoyote kutoka mbinguni. Alijua tu kwamba hapa ndipo alipotumwa, na kwamba asingependa kuwa mahali pengine popote. Aliona haya, akainamisha uso.

"Nimekuona," alisema Hilja. "Unatabasamu."

"Nisamehe, mama. Sijui nimepatwa na nini."

"Nikusamehe nini? Tangu augue, kila aliyemgusa alikuwa amekunja uso."

Wakamvika shati jeupe. Nje gari lilikuwa limefika, na Tauno alisikika akiwaambia watu wangoje, wasiingie. Hilja aliushika mkono wa Aila, ungali umelowa.

"Zamu yangu ikifika, nani ataniosha mimi? Utakuja wewe?"

Aila alimkumbuka mchungaji, na Pasaka, na jinsi alivyokuwa na hakika asubuhi ile.

"Nitakuja," alisema. Alijisikia akisema kweli, na machozi yakamtoka upya.