Siku Gurudumu Lilipopimwa Homa

Jana usiku ndoto yangu ilianza na paka. Niliota amejikunja juu ya gurudumu la mbele kushoto la gari la mjomba Tweve, macho kayafumba, kama bibi aliyekaa karibu na mafiga. Ndipo anapolala kila jioni gari likirudi, kwa hiyo sikushangaa. Nilishangaa kidogo aliponiuliza kama nimekuja na blanketi langu.

"Sikuja kulala," nikamwambia.

"Basi shauri yako. Lakini hayo mengine matatu usiyajaribu, ni baridi."

Gari lenyewe ni kuukuu, la kupandia milima, lile ambalo magurudumu yote manne yanavuta. Limemzidi mama yangu umri. Wiki nzima lilikuwa linakwenda kwa kujivuta kama ng'ombe anayepelekwa josho, na fundi Mahenge alishasema ni giaboksi. Kukicha lilitakiwa kumshusha dada yangu Lusia, mwenye mimba ya miezi tisa, kutoka huku kwetu Makete hadi hospitali ya bondeni, akasubirie huko siku zake. Njia yote ni mteremko na kona. Hayo niliyajua hata ndotoni. Mtu akilala hasahau kinachomtisha.

Paka akafungua mlango wa gari. Nikaingia. Ndani hamkuwa na viti, mlikuwa na zahanati.

Magurudumu manne yamekaa kwenye benchi, kila moja na kadi yake ya kliniki. Muuguzi ni jeki. Ni mfupi, mnene, amevaa kofia nyeupe, na hana mzaha.

"Anayefuata!"

Gurudumu la nyuma kulia linasogea. Jeki analinyanyua mpaka liache sakafu, maana ukutani imeandikwa kuwa mgonjwa haruhusiwi kukanyaga chini wakati wa kupimwa. Analisukuma kwa kidole. Linazunguka huku likicheka.

"Mzima. Nenda nyumbani."

"Bila gari?"

"Hilo halinihusu. Anayefuata!"

La nyuma kushoto likazunguka. La mbele kulia likazunguka. La mbele kushoto likanyanyuliwa, likasukumwa, likaenda robo likasimama.

"Zunguka," akasema jeki.

"Siwezi, sista."

"Unakataa?"

"Sikatai. Nimeshikwa."

Jeki akaliwekea kiganja katikati, pale penye habu. Kiganja kikafuka moshi. Akakitazama, akaandika kwenye kadi: homa.

"Umeshikwa na nani?"

Gurudumu likanigeukia. "Muulize huyu. Ndiye anayeniogesha."

Wote wakanitazama. Nikafungua mdomo niseme. Badala ya neno ikatoka beringi, ikabingirika chini ya benchi.

"Fundi ameshabadilisha hiyo," akasema jeki. "Jaribu tena."

Nikajaribu. Zikatoka pedi mbili za breki.

"Na hizo pia. Tena."

Nikahisi kitu kikubwa kinapanda kooni. Ilikuwa giaboksi.

"Hiyo imeze," akasema jeki upesi. "Haina kosa lolote."

Nikaimeza. Ilishuka vizuri kuliko nilivyotarajia.

Nilipofuta midomo, zahanati haikuwepo. Tulikuwa ndani ya mpira mwembamba, ule unaopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu. Kuta zake ni nyeusi na laini, na zimevimba. Katikati amekaa askari mzee wa getini, tumbo limeziba njia nzima.

Kwa mbali tukasikia, "Mjomba kakanyaga!" Matone ya mafuta yakaja mbio, yanasukumana. Askari akavuta tumbo, yakapita yote. Halafu tukasikia, "Mjomba kaachia! Rudini!" Matone yakageuka. Askari akaachia tumbo.

"Wapishe, babu," nikasema. Ndotoni nilikuwa na sauti.

"Kazi yangu ni kupokea."

"Lakini breki imeachiwa. Wanatakiwa warudi."

"Sijaletewa barua ya kutoka."

"Uko hapa tangu lini?"

"Tangu gari likiwa jipya. Wenzangu wote wamebadilishwa. Mimi kwa nje naonekana kijana." Akajipapasa shavu kwa kuridhika.

Tone moja nyuma yake likanong'ona, "Dada, tunambana mwenzetu gurudumu, na wala hatupendi. Hatuna pa kwenda."

Nikauliza, "Hakuna mlango mwingine?"

Swali lile likarudi kwangu kwa sauti ya mwalimu. Niko darasa la tano, nimekaa kwenye dawati langu la zamani, magoti hayaingii. Ubaoni wamechora nati ndogo iliyo nyuma ya gurudumu, ile wanayoifungua mafundi kutoa upepo kwenye breki.

"Mlango wa pili uko wapi?" anauliza mwalimu.

Ninaujua. Uko mbele yangu. Mkono wangu unabaki mapajani, kama ulivyokuwa ukibaki siku zote, na mwalimu anapita dawati kwa dawati akiuliza wengine. Mmoja anasema beringi. Mmoja anasema giaboksi, anapigiwa makofi.

Kwenye dawati, mahali pa penseli, pana spana namba kumi na moja. Sikunyoosha mkono. Nilisimama tu, nikaenda ubaoni, nikaifungua nati nusu mzunguko.

Mafuta yakaruka. Nikaziba kwa kidole gumba, yakapita pembeni. Matone yakatoka moja moja, kila moja likisema asante dada, mpaka nikachoka kuitikia. Gurudumu likazunguka, likatoboa ukuta wa darasa, likaenda zake kondeni likiimba pambio.

"Hiyo haikuwa na kibali," akasema askari.

Jeki akaandika kwenye kadi: mpira umevimba kwa ndani, ubadilishwe. Akanikabidhi.

"Nani atawaambia?" nikamuuliza.

"Anayejua."

"Watanicheka."

"Mimi ninanyanyua magari tu," akasema jeki, akanishusha taratibu mpaka kitandani.

Nilipofungua macho kulikuwa kumekucha. Lusia alikuwa amenipaka rangi nyekundu kucha zote kumi Jumapili. Tisa zilikuwa nzima. Rangi ya kidole gumba cha kulia ilikuwa imelainika na kujikunja, inatoka kama ganda la nyanya iliyochemshwa. Mafuta ya breki hula rangi. Mjomba hutugombeza kila siku tusiyamwage kwenye bodi.

Nikatoka nje bila viatu. Gari lilikuwa uani, ndiyo kwanza limerudi kutoka kujazwa mafuta. Mjomba na fundi Mahenge walikuwa wanafunga godoro nyuma. Lusia amekaa kwenye kigoda, mkono kiunoni.

"Shikamoo mjomba. Shikamoo fundi."

"Marahaba. Ee, leo bubu wetu kaamka na majogoo!"

"Mwache, mjomba," akasema Lusia. "Hata uji hajanywa."

"Twende, mzee," akasema fundi Mahenge. "Giaboksi itavumilia safari moja. Tena ni mteremko, gari litashuka lenyewe."

Nikasimama mbele ya gari.

"Edina, pisha, mwanangu," akasema mjomba.

"Mjomba, weka mkono hapa."

Akaweka kwenye habu ya mbele kushoto. Akautoa upesi, akaupuliza. Akaenda kugusa ya kulia, akauacha mkono hapo muda mrefu. Hakutania tena.

"Si giaboksi," nikasema. "Ni mpira wa breki, umevimba ndani. Mafuta yakiingia hayarudi. Linyanyueni, mfungue ile nati ndogo, mtaona litakavyoachia."

"Haya makubwa!" akasema fundi. "Nani kakufundisha?"

Ningeweza kusema nimeota. Wangecheka, na mimi ningecheka nao, yangeisha. Nikamtazama Lusia na tumbo lake.

"Dada, gurudumu hili liliniunguza Jumatatu nikiliosha. Niliona aibu kusema mbele ya fundi. Nikanyamaza, na jana nilipokuwa nakufungia nguo zako za safari, nilikuwa najua."