Mtihani wa Mdomo wa Ponsian

Bernadeta alikuwa amekaa benchi la nyuma katika ukumbi wa parokia, Butimba, mjukuu mgongoni, akisubiri mkwe wake amalize mtihani ili wavuke ziwa kwenda Kamanga. Kwa adabu ya wakwe alikuwa amempa Ponsian bega. Tangu amwoze binti yake hakuwahi kumtazama usoni.

Chuo cha masomo kwa posta kilikuwa kimeanzisha mtihani wa mdomo mwaka huo, maana majibu mengi yalikuwa yakiandikwa na watu wengine. Ya Ponsian yaliandikwa na mkewe, Selina, miaka yote, ndizi za kumenya zikiwa miguuni. Selina naye alitaka kujisajili. Ponsian akasema nyumba moja haina haja ya wanafunzi wawili. Kwaresima ilipoingia, Selina akafa kwa uzazi.

"Eleza soko huria," alisema mtahini, Mwalimu Muganyizi.

Ponsian akafungua mdomo, ikatoka sauti ya Selina.

"Soko huria ni pale minofu ya sangara inapanda ndege, sisi wenye ziwa tunagombania mapanki, mifupa iliyobaki. Kitabu kinasema vingine. Niseme na ya kitabu?"

"Sema, mama," alisema Muganyizi, huku akiandika.

Mtoto, aliyelia tangu asubuhi, akanyamaza. Bernadeta akageuka, akamtazama mkwe. Midomo ilikuwa ya Ponsian, na jasho pia. Selina akajibu yote. Msimamizi wa pili, Bi Wilhelmina, akacheka: "Huyu kaiva!"

"Amefaulu," alisema Muganyizi.

Bernadeta akasimama, rozari mkononi. "Mwalimu, aliyejibu ni mwanangu Selina. Mwandikie jina lake."

"Shikamoo, mama. Sauti tumeisikia, pole sana. Lakini marehemu hakujisajili, na kitambulisho ni cha huyu bwana."

Shikamoo haiachwi hewani. "Marahaba," alijibu Bernadeta.

Kwenye kivuko walisimama mbali mbali, kama inavyopasa. Katikati ya maji sauti ikamfikia.

"Mama, nimefaulu?"

Bernadeta alikuwa amesharudisha macho ziwani.

"Amefaulu mume wako."

Ponsian akakohoa, na kwa sauti yake mwenyewe akauliza kama mama alisikia cheti kitatoka lini. Mtoto akaanza kulia upya.