Orodha Tupu

Baba alikuja redioni saa nne asubuhi, flashi mfukoni, kavaa shati lake la kutokea. Alitaka kipindi kimoja tu cha mama, chochote kile. Mama alitangaza hapa miaka kumi na tisa, akafariki mwaka juzi, na sasa baba alikuwa ameanza kusahau sauti yake. Aliniambia hivyo wazi, bila kuona haya. Nikamjibu, "Kaa, baba. Dakika mbili tu."

Mimi ndiye fundi wa mitambo. Siku hiyo tulikuwa tunahamishia kumbukumbu za sauti kwenye seva mpya, kwa zile anwani mpya za intaneti, ndefu hadi zinakutoa jasho kuziandika. Programu inaomba orodha ya mafaili, inanakili yaliyomo kwenye orodha, kisha inafuta diski za zamani. Niliipima mwenyewe wiki iliyopita.

Nikafungua kompyuta. Kwenye skrini paliandikwa: Orodha imepokelewa. Mafaili: 0. Kunakili kumekamilika. Kufuta kumekamilika.

Nikampigia mwenzangu wa chumba cha seva, tunayemwita Waziri kwa maringo yake.

"Simamisha!"

"Nisimamishe nini, dada? Imeisha tangu saa tatu."

"Mle mna vipindi elfu sita!"

"Nimejaribu sasa hivi. Kuingia kwenye seva unaingia vizuri, ila orodha hupitia njia yake ya pembeni, na kwa anwani mpya njia hiyo imezibwa. Inarudi tupu. Lakini si uliipima? Kwenye ripoti umeandika 'sawa'."

Niliandika 'sawa', ndiyo. Nilipima kwa folda niliyoitengeneza mwenyewe, na sikuweka hata faili moja ndani. Orodha ikaja tupu, nikaona ndivyo inavyotakiwa. Uvivu mtupu! Ningejizaba makofi, lakini yangerudisha nini?

"Nakala nyingine?" nikauliza.

"Kanda zilitupwa paa lilipovuja. Hakuna, dada."

Nikamgeukia baba. "Hakipo. Vyote vimefutika, na ni kosa langu."

Hakugomba. Afadhali angegomba. Aliigeuzageuza ile flashi mkononi.

"Watu wakipiga simu nyumbani ukapokea wewe, walikuwa wanadhani ni mama yako," akasema. "Hebu wasalimie wasikilizaji kama yeye. Ngoja nifumbe macho."

Akafumba. Nikajaribu mara ya kwanza, mara ya pili, sauti ikagoma kutoka. Baba akazidi kuinamisha kichwa upande wangu, akidhani ni masikio yake ndiyo hayasikii.